Mbolea ya Chumvichumvi

Bibi alikuwa ameshachota potashi kwa kiganja mumewe alipomshika mkono. Mahindi yao, waliyoyapanda kwa mara ya tatu, yalikuwa yameungua kingo za majani, na udongo umefanya ukoko mweupe wa chumvi. Mbegu nyingine hawakuwa nazo.

"Mama watoto, chumvi inatumaliza, nawe unaongeza mbolea ya chumvichumvi?"

"Jina tu hilo. Bwana shamba kasema hii huyapa mahindi nguvu ya kuhimili chumvi. Wewe si unaitwa Simba, na panya wanakukimbiza?"

Simba hakucheka, alikuwa amechoka mno. Aliutazama mstari mmoja uliobaki kijani, akashusha pumzi, kisha akakinga viganja vyake vilivyopasukapasuka.

"Nimiminie. Polepole lakini, vidonda vitawasha."