Programu Isiyo na Jina

Fundi alikwisha kunywa chai, akaosha kikombe, akakifuta na kukirudisha rafuni, na kompyuta ilikuwa bado inajiwasha.

"Ndiyo hali yake," alisema mwanamke aliyeileta. "Tangu iwekewe mfumo mpya, wiki mbili sasa. Zamani ulikuwa ukifumba macho na kufumbua, imekwisha kuwaka."

"Mifumo mipya ni kama wapangaji wapya, dada. Kila mmoja huja na vyombo vyake, na wa zamani lazima wasogee."

Hakucheka. Alikuwa amekataa kiti, akasimama upande wa pili wa meza huku begi la kompyuta likining'inia kwenye mkanda mrefu mno kwake, kiasi cha kumgonga magoti kila alipojisogeza.

"Itakuwa tayari kabla ya saa kumi? Mume wangu hurudi saa kumi. Sitaki ajue kwamba imefika kwa fundi."

Fundi aliyasikia maneno hayo, akayaweka kando. Chumba chake chembamba chini ya ngazi za jengo la ofisi kilikuwa kimemfundisha kuweka kando mambo mengi. Kila mteja mgeni, fundi alimwambia jambo lile lile: kazi hii ni kama ya mwosha maiti, huona yote, na hutoka bila neno. Hakulisema kwa utakatifu. Alikuwa ameona tu kwamba mafundi wanaosema hawadumu na wateja.

Hatimaye kioo kikadai neno la siri. Fundi akakigeuza upande wa mteja. Mwanamke aliandika kwa kidole kimoja, akitazama dari, midomo ikichezacheza, kama mwanafunzi anayekariri shairi asilolielewa. Fundi akakirudisha kioo upande wake.

Ukurasa uliokuwa umeachwa wazi ukajifungua wenyewe. Lilikuwa tangazo la chumba cha kupanga, na chini yake mazungumzo na mwenye nyumba, yaliyoanza siku chache tu zilizopita. *Nitakuja Jumamosi, peke yangu, na nguo tu. Nakuomba usinipigie simu. Niandikie hapa hapa.* Fundi aliufunga ukurasa huo upesi, ingawa si upesi wa kutosha kutousoma wote.

Akafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Mbili zilikuwa za kuzuia virusi, kila moja ikimshuku mwenzake. Moja ilikuwa ya printa ambayo bila shaka ilikwisha kutupwa. Hizo zilikuwa uzembe wa kawaida. Chini kabisa palikuwa na nyingine isiyo na jina. Mfumo mpya ulikuwa umeikataa. Nayo, kila kompyuta ilipowashwa, ilibisha hodi, ikafukuzwa, ikabisha tena, na programu nyingine zote zikapanga foleni nyuma yake zikingoja ugomvi uishe.

Aliichunguza, akaitambua aina yake. Ilikuwa ikinakili kila herufi iliyobonyezwa na kuituma kwenye simu ya mtu mwingine.

Fundi aliondoa mkono kwenye kipanya. Alifikiria saa kumi. Alifikiria chumba kile na nguo tu. Huruma ilikuwa anasa ambayo hakuizoea, na kama wengi wasioizoea anasa, aliishika vibaya. Aliinuka, akafunga mlango.

"Kaa, dada."

Safari hii alikaa.

"Kuna mtu anasoma kila kinachoandikwa humu."

Uso wa mwanamke haukubadilika, jambo ambalo fundi alilihesabu kuwa ujasiri.

"Mpaka leo anasoma?"

"Hapana. Mfumo mpya umemkwamisha. Wiki mbili hizi hajapata hata herufi moja."

"Hata moja," alirudia mwanamke, akashusha pumzi.

"Basi nisikilize. Mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu, lakini na mimi nina dada zangu. Kile chumba usikiache. Nenda Jumamosi hiyo hiyo. Mlivyoandikiana vyote ni vya juzijuzi, hajaona kitu."

Mwanamke akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Chumba kipi?"

Fundi alidhani ni hofu. Wenye hofu hukana hata majina yao. Akalainisha sauti kama anayemlisha mgonjwa.

"Usinifiche, dada, siri yako haitoki hapa. Kile cha ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwenye nyumba si amesema ufunguo atauacha kwa kinyozi pale chini? Ukifika tu, badilisha kitasa. Huko hakupati mtu."

"Nyuma ya kiwanda cha matofali," alisema mwanamke polepole. "Ghorofa ya pili. Jumamosi."

"Ndiyo hiyo. Sasa niachie hii programu niing'oe na mizizi yake."

"Hapana, fundi. Kingine chochote kinachoichelewesha kitoe, iwake kama zamani. Hiyo itengeneze ifanye kazi."

Alifungua pochi yake, akatoa simu na kuilaza mezani, karibu na mkono wa fundi.

"Inatuma hapa," alisema. "Ila ufanye haraka, kaka yangu. Mume wangu hata viatu havui kabla hajaiulizia kompyuta yake."