Kanda ya Kweli-Kabisa

Msichana mgeni alikuwa hajatua hata begi lake pale mama mwenye nyumba alipomnyooshea kidole mlango wa mwisho uani.

"Chumba utapata," alimwambia. "Lakini kwanza niletee kanda iliyomo mle. Mzee wa mle hatufungulii sisi. Wewe hakujui, atakufungulia."

Nyuma ya mlango ule kiongozi wa zamani alikuwa akihutubia kwenye kanda. Alikwisha kung'olewa madarakani, sanamu yake ilikwisha kuangushwa, na fulana zenye picha yake sasa zilikuwa za kupigia deki. Lakini mle ndani alinguruma kila siku baada ya chakula cha mchana, hotuba ileile moja, hadi mabati yakatetemeka.

"Mle anaishi nani?" mgeni akauliza.

"Fundi redio mstaafu," alijibu muuza nyama, mpangaji wa chumba cha kwanza. "Ndiye aliyefunga vipaza sauti vya mkutano ule, akairekodi mwenyewe. Tunamwita Kweli-Kabisa. Hotuba ikifika mahali fulani naye hujibu, 'Kweli kabisa!' Kila siku palepale. Kaka yangu alipakiwa kwenye gari la watu wa huyo bwana, hakurudi. Halafu mimi nile chakula changu nikisikiliza mtu anamwitikia!"

"Hana familia?"

"Alikuwa na binti," mama mwenye nyumba alisema. "Tangu siku ya mkutano hatujamwona tena. Alimkimbia. Nani angekaa na baba wa namna ile? Mtu kapenda mpaka chongo kaliita kengeza."

Mgeni alitazama mlango. Kesho yake angeanza kazi, ualimu wake wa kwanza, na nyumba zote alizobisha hodi zilikuwa zimejaa. Tena hakuhitaji kusukumwa sana. Utotoni aliwahi kusimama kando ya barabara na bendera ya karatasi, akaimba hadi sauti ikamkauka, kwa ajili ya mtu aliyepita nyuma ya kioo cheusi. Siku ile alirudi nyumbani anaruka kwa furaha. Aliyempenda mtu hivyo, halafu akaja kujua alikuwa nani, humchukia mara mbili.

Alibisha. Sauti ikazimwa.

Mzee aliyefungua alikuwa mwembamba, bisibisi kwenye mfuko wa shati, kiganja nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu, masikio yangu yamechoka."

"Nimetumwa kanda. Huoni aibu, mzee? Watu wameumia, wewe bado unamsikiliza!"

Mzee aliwatazama waliosimama nyuma ya msichana.

"Siku ya mkutano mlikuwepo wote," aliwaambia.

"Tulilazimishwa!" mama mwenye nyumba akafoka.

"Na vigelegele, mlilazimishwa?"

Muuza nyama akatema mate. "Kibaraka mkubwa wewe!"

Mzee akamgeukia mgeni. "Nikuombe jambo moja. Isikilize mpaka mwisho, ukiwa karibu na spika. Utakachosikia kibaki humu ndani. Chuki ya hawa nimeizoea. Huruma yao siiwezi. Ukiniahidi hivyo, halafu bado ukaitaka kanda, ichukue. Nyingine haipo, lakini sitakuzuia."

"Naahidi," alisema msichana. Ilikuwa ahadi rahisi.

Mlango ukafungwa.

Uani, muuza nyama alitoa kibiriti, na mama mwenye nyumba akasogeza karai la bati. Kiongozi akanguruma. Umati ukalipuka kwa shangwe. Kisha ikasikika sauti ya mzee, palepale pa siku zote: "Kweli kabisa!"

Wakasubiri mlango ufunguliwe. Badala yake kanda ilirudishwa nyuma, na kiongozi akaanza upya.

"Mbona mara mbili?"

"Anafundwa," muuza nyama akasema. "Akitoka humo anapiga saluti, namchoma pamoja na kanda."

Watu wakacheka.

Msichana alipotoka, hakuna aliyecheka. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Iko wapi?"

"Nimemwachia."

"Amekuambia nini?"

Msichana akavuta mlango nyuma yake.

"Nakuuliza, wewe mtoto! Umesikia nini cha kukugeuza moyo kwa muda mfupi hivyo?"

Msichana alimtazama muuza nyama, akayaona macho ya mtu ambaye bado anamngoja kaka yake. Neno likamjaa kinywani. Akalimeza.

"Siwezi kusema. Nimeahidi."

"Basi ahadi yako ndiyo ikupe pa kulala!"

Mama mwenye nyumba alilinyakua begi, akalirusha nje ya geti. Zipu ikapasuka. Nguo za ualimu, zilizopigwa pasi asubuhi ile, zikatapakaa vumbini.

"Msomi mzima!" muuza nyama akamfuata kwa maneno. "Kumbe vibaraka bado wanazaliana!"

Msichana alichutama akaokota blauzi, kitana, kiatu kimoja, kisha cha pili. Hakuinua uso. Aliokota kila kitu, akalikumbatia begi ili lisimwage tena, akaondoka.

Mle ndani mzee alibandika sikio kwenye spika, akabonyeza kitufe.

"Katika nchi hii," kiongozi akanguruma, "hakuna mtoto anayelala na hofu!"

Vigelegele vikapanda, vikashuka. Na hapo, mbali kabisa na kipaza sauti, ikapenya sauti nyembamba ya msichana mwingine: "Mwongo! Mwo—"

"Kweli kabisa," mzee akajibu. Kisha, taratibu, neno ambalo uani halikuwahi kufika: "Mwanangu."