Kupe wa Kisogoni

Alikuwapo kasuku aliyejua lugha za wapasua mbao wote waliopita msituni, na hakuna siku aliyowaacha sokwe wapumue.

"Bi Sokwe, huo mkono juu ndiyo salamu? Mwenzio nasalimia kwa lugha nne."

Bi Sokwe alijikuna ubavu kwa nguvu, na dada yake akaja kumtoa chawa.

Wiki hiyo kupe alimng'ang'ania Kasuku kisogoni, mahali ambapo mdomo wake haufiki. Akaenda kwa Bi Sokwe, akaanza na salamu, akaeleza ukoo wa kupe, akailaani mvua iliyomleta, tena kwa lugha zote nne.

"Nimesikia," alisema Bi Sokwe. "Sasa unataka nini?"

Kasuku alikuwa amekaukiwa sauti. Akainamisha shingo tu, akayatimua manyoya ya kisogo.

Kidole kikaja pale pale. Kupe akang'oka, akaliwa.

Kisha Bi Sokwe akanyoosha kiganja kitupu. Kasuku aliitazama tini yake moja tu, aliyokuwa ameibana kwa kucha, akaiweka pale kiganjani.

Asubuhi iliyofuata alimwona Bi Sokwe kwa mbali. Akainua bawa moja.