Kitufe Chini ya Kaunta

Fimbo ya mzee iligonga kioo cha dirisha la benki, kikapata ufa.

“Kila siku njoo kesho, njoo kesho!”

Zulfa, keshia, alishachoka kufokewa. Goti lake likabonyeza kitufe cha siri chini ya kaunta, kile kinachowaita polisi bila kelele, kama walivyofundishwa. Fimbo ikainuka tena. Ndipo akakumbuka kwamba hata hakumsalimia.

“Shikamoo, baba.”

Fimbo ikasita hewani.

“Marahaba, mwanangu.” Mzee mwenyewe alishangaa kwamba amejibu. Akaishusha, akaegemea kaunta akihema. “Hamjambo nyumbani?”

“Hatujambo.”

Nje, gari la polisi lilifunga breki, milango ikafunguliwa. Zulfa akakibonyeza kitufe tena, na tena, kana kwamba kingeweza kuwarudisha.