Utoto wa Msonobari

Wakubwa wa mji waliukata msonobari alioupanda marehemu mke wa Mzee Shegwando, ati kupisha barabara ambayo hadi leo haijapita. Mzee aliokoa tawi moja, akalipandikiza kwenye mche mchanga wa msonobari. Likashika, ila likalala ubavu kama lilivyozoea huko juu mtini.

"Tawi halisahau umri wake, babu," Bi Zawena wa kitalu cha miche akamwambia. "Likate ncha, uipandikize kwenye mche mwingine mchanga. Ukirudia rudia, litaukumbuka utoto."

"Wao wanakata mara moja, sisi tunaunga mara tatu!" Mzee alinung'unika, akifunga kidonda cha mche wa tatu kwa uzi wa kanga ya marehemu.

Mvua zilipokuja, ncha ya tatu ilisimama wima. Mzee akakitupa kijiti kifupi cha kuiegemeza, akaenda kuitafutia ufito mrefu kuliko kimo chake mwenyewe.