Chini ya Prosesa
Nilipoinua prosesa na kusogeza kioo cha kukuzia, niliiona. Pini moja ya bodi iliyo chini yake, nyembamba kuliko unywele, ilikuwa imepinda na kulalia jirani yake.

Kompyuta ilikuwa mpya, nimeiunga kwa mikono yangu. Tangu siku ya kwanza iligoma kuwaka, ikilia mara tatu, mlio wa memori mbovu ambao kila fundi anaujua. Memori alinunua mdogo wangu. Nikamwita mwizi mbele ya wateja, kwamba ameuza nzima akaniletea mbovu.

"Kaka, hebu angalia na chini ya prosesa. Pini ikipinda pale, hata memori nzima hulia hivyo," alisema.

Nikamwambia asinifundishe kazi niliyomfundisha mimi. Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi hii nimeweka memori nyingine kabisa, ya duka jingine. Ikalia vilevile, mara tatu.

Pembeni ya ile pini kulikuwa na alama ya dole gumba, imeganda kwenye gundi ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa kupoza joto. Katikati yake ulipita mstari wa kovu. Sikuwa na haja ya kutazama dole langu.

"Hodi, shemeji." Mke wa mdogo wangu alikuwa mlangoni na mfuko mtupu. "Kanituma nichukue bisibisi zake. Anasema ndiyo basi tena."

Nilizikusanya moja moja, nikamtilia mfukoni. Hakuondoka. Alikuwa akiitazama mashine iliyo wazi mezani.

"Shemeji, niambie ukweli. Ilikuwa memori?"

Nilirudisha prosesa mahali pake, juu ya ile pini, nikabana kifungio.

"Memori," nikasema.