Kioo Cheusi

Kivinjari cha kompyuta kilijisasisha chenyewe usiku, bila kuombwa na mtu. Asubuhi Mwanashuri alipofungua video ya harusi yake, picha ikakataa katakata. Kioo cheusi tii, sauti tu.

"Wameshaiharibu! Nani kawaambia waje?"

Mumewe, Shekue, akanyoosha mkono aizime.

"Hebu ngoja," Mwanashuri akamzuia.

Miaka yote alitazama gauni na maua. Sasa, katikati ya ngoma, kilipanda kigelegele chembamba, kikakatika mwishoni kama kicheko. Cha marehemu mama yake, aliyekimbia kamera maisha yake yote, asiache hata picha moja.

Mwanashuri akasimama. Akajitanda kanga, akakisogelea kioo, akapiga kigelegele chake.

Humo gizani, mama akaitikia.